Gundi ya Pak Darmaji

Gunadi alijua tangu siku ya kwanza kwamba gundi ile ingeua samaki, na akanyamaza. Kamba alijifunga mwenyewe.

Aliyeinunua ni baba mkwe wake, Pak Darmaji. Tulungagung, huko Java, ni mji wa wafuga samaki, na hata watoto wanajua kwamba tangi la kioo la samaki linataka gundi ya silikoni tupu, ile inayonuka siki ikikauka. Mzee alileta ya bafuni. Ubavuni imeandikwa kwamba inazuia ukungu, na dawa inayoua ukungu haimwachi samaki.

"Hii ndiyo imara," mzee alisema.

"Inggih, Pak," Gunadi akaitikia, kichwa chini. Anayelala chini ya paa la mkwewe ana jibu gani zaidi ya ndiyo hiyo ya adabu?

Miaka sita yeye na mkewe Winarsih wamekaa chumba cha nyuma, wakinong'ona kama wezi. Sasa mzee ameahidi: ukuta wa mawe ya bandia ndani ya tangi lake ukiisha, ruksa kuhamia nyumba yao wenyewe. Gunadi alichonga povu gumu likawa jabali, akalipaka saruji, akaliloweka wiki tatu akibadilisha maji mpaka ukali ukaisha. Kila kitu kilikuwa salama isipokuwa gundi iliyoushika ukuta kiooni.

Leo tangi limejaa, majirani wanakunywa kahawa, na mzee anamwandaa pipani arowana wake mwekundu. Marehemu mkewe alimlisha samaki yule nyenje kwa mkono wake, miaka kumi na mitatu.

"Darmaji, umepata mkwe fundi!" jirani Pak Sarpan alisema.

"Fundi wapi! Hata gundi nimechagua mimi."

Gunadi akisema, amemvua mzee nguo mbele za watu. Akinyamaza, samaki wa marehemu anakufa. Aliogopa, aliogopa kwelikweli. Akanyanyua ndoo ya changarawe, akajikwaa makusudi, na ndoo ikatua kwenye kioo.

Maji yakafika barazani.

"Huyu kahawa mpeni kwenye kikombe cha plastiki!" Pak Sarpan akapiga kelele, na wote wakacheka isipokuwa Winarsih.

Mzee alimwacha samaki pipani, akawasha pikipiki na kuondoka. Majirani wakatawanyika. Gunadi aliokota vioo, moyo mwepesi: samaki yu hai, na aibu ni yake peke yake.

Mzee aliporudi hakuwa na hasira hata chembe.

"Ajali haina kinga, mwanangu. Kioo kipya kinakuja kesho. Anza upya, mtahama ukimaliza." Akamwekea mkononi mirija mitatu ya gundi. "Nimekuchukulia ile ile."

Gunadi akaigeuza, akasoma ubavuni: inazuia ukungu. Hapakuwa na jirani hata mmoja wa kusikia. Winarsih alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, kando ya masanduku aliyokwisha kuyafunga, akimtazama mdomo.

"Inggih, Pak," Gunadi akasema.