Ushahidi wa Dovie Stamper

Mama yangu, Dovie Stamper, alipika gongo miaka kumi na tisa katika milima ya mashariki ya Kentucky, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa sababu ya kinywaji chake. Nalitanguliza hilo kwa kuwa wapo wanaosema vingine hadi leo, na waliokuwapo tumebaki wachache.

Alifundishwa na baba yake. Alipoolewa aliacha, akarudia kazi ile baba yangu, Hargis, alipotoka mgodini na mapafu yaliyojaa vumbi la makaa. Baba alikuwa akipanda ngazi tatu za barazani kwetu, lazima akae chini apumue. Shamba letu lilikuwa la mteremko, ng'ombe akiteleza anaishia kwa jirani. Mahindi yake yalikuwa machache mno kuyapeleka sokoni, ila yalitosha kujaza pipa.

Na sheria ilikuwa hivi. Kupanda mahindi, ruhusa. Kuyasaga, ruhusa. Hata ukiyaloweka yakachachuka, ukapita mtu, hana neno. Lakini ukishayachemsha na kuukinga ule mvuke bila kibali cha serikali, wewe ni mhalifu. Kibali chenyewe kilikuwa cha wenye viwanda. Mwanamke wa mlimani mwenye pipa moja na bomba la shaba angekwenda kukiomba, wangemcheka mpaka mlangoni.

Aliyekuwa akitufuatilia ni Bwana Everett Tackett, askari wa kodi, mtu mrefu mwenye goti bovu. Miaka sita alimwinda mama asimkamate. Siku nyingine alikuja tu barazani, akavua kofia.

"Mama Dovie, asubuhi nimeona moshi kule juu."

"Ukungu huo, Bwana Tackett."

"Ukungu wenye harufu ya mahindi?"

"Sasa mimi na pua yako tutafanyaje? Kaa ule."

Alikaa. Alikula maharage na mkate wa mahindi, akamuuliza baba hali ya kifua, kisha akaenda kuchechemea msituni kuutafuta mtambo. Hakuupata. Mama aliuhamisha kila baada ya mapipa mawili.

Mwanzoni mwa mwaka 1954 watu wa kijito chetu walianza kuugua. Tumbo lilisokota, ufizi ukaingia weusi, miguu ikakosa nguvu. Aliyetutisha zaidi ni Clell Gabbard, mpiga fidla. Hakuna harusi iliyofungwa kwetu bila Clell. Jumapili moja, baada ya ibada, aliinua fidla yake na viganja vyote viwili vikaning'inia kutoka kwenye vifundo vya mikono, kama soksi zilizoanikwa. Mikono iliinuka, viganja vikakataa.

Mnong'ono ukaanza. Dukani nilikuta wanawake wamenyamaza ghafla. Mmoja, Verdie Combs, ambaye mumewe alikuwa mteja wetu wa kila wiki, hakunyamaza.

"Mwambie mama yako aache kupika kwa haraka," alisema. "Anatuulia watu."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mama alivua aproni, akavaa koti la baba, tukashuka wote wawili mpaka kwa Clell.

Clell alikuwa amekaa jikoni, mkewe anamlisha kwa kijiko. Mama alimwangalia viganja kwa muda mrefu.

"Imebaki?" aliuliza.

Mke wa Clell alitoa chupa ya mdomo mpana, nusu. Mama aliitikisa akatazama mapovu. Akainusa. Akamimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Moto ukatoka na wekundu pembeni, si buluu tupu kama wa gongo safi. "Moto hausemi yote," alisema, akachovya ncha ya kidole, akagusisha ulimi na kutema mara moja dirishani.

"Ina utamu," alisema. "Gongo ya mahindi haiwi na utamu huu. Hii ni sumu ya madini ya risasi. Imepita kwenye rejeta ya lori. Ile lehemu ya ndani inayeyuka taratibu na kuingia kwenye kinywaji. Clell, nani kakupa hii?"

Clell aliinamisha kichwa. "Orbin. Alisema ni yako, Dovie. Alisema anakuuzia."

Orbin alikuwa mdogo wake mama, mjomba wangu. Bibi alipofariki Orbin alikuwa na miaka mitatu na mama kumi na miwili. Ni mama aliyembeba mgongoni, aliyemfunga viatu siku ya kwanza ya shule, aliyempigania kwa ngumi. Nilimtazama mama usoni pale jikoni kwa Clell, na sijawahi kuuona tena uso ule.

Kesho yake mchana tulimkuta Orbin nyuma ya kiwanda kilichokufa cha mbao. Hakuwa hata amejificha vizuri. Rejeta ilikuwa imelala ndani ya pipa la maji baridi, mpira umefungwa kila upande, gongo inadondoka.

"Dada! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukuona ukivunja hiki kitu."

"Usinianze. Shaba nitaitoa wapi mimi? Kila mtu siku hizi anatumia rejeta."

"Clell hawezi kushika kijiko, Orbin."

"Clell anakunywa kupita kiasi, hilo unalijua."

"Na jina langu ulilichukua la nini?"

Hapo alicheka, lakini macho yalikimbilia pembeni. "Jina lako linauzika, dada. Langu nani analitaka?"

Mama hakumpigia kelele. Alimsogelea, akamshika kola ya shati, akaanza kumrekebishia kama mtoto anayekwenda kanisani. "Nitakupa bomba langu," alisema. "Nitakupa mtambo mzima. Vunja hiki, uje uuchukue wangu, mimi niache. Naomba."

Orbin aliapa kwamba atakivunja. Aliapa kwa kaburi la bibi.

Siku tisa baadaye Burl Noble, baba wa watoto wanne, alianguka kwa kifafa zizini mwake akafa. Mkewe alikuta chupa chini ya nyasi za ng'ombe. Mama alikwenda maziko, akarudi, akaketi mezani na kofia yake ya kanisani kichwani.

"Hargis," alimwambia baba, "nakwenda kwa Tackett."

Baba alikohoa kwanza. "Ni ndugu yako, Dovie."

"Najua ni nani. Nimemlea mimi."

"Na wewe mwenyewe je?"

"Nami mwenyewe."

Nilimsindikiza mjini. Bwana Tackett alipomwona ofisini kwake alisimama haraka goti likagonga meza. Mama alimwambia yote: mahali, rejeta, Orbin. Tackett hakuandika chochote mwanzoni.

"Mama Dovie," alisema polepole, "nikimkamata, wakili wake atasema gongo ile ilikuwa yako. Watu tayari wanasema hivyo. Itabidi usimame mahakamani. Na watakuuliza umejuaje."

"Waulize."

"Nimekutafuta miaka sita. Sikutaka kukupata hivi."

"Basi ungetafuta kwa bidii zaidi," mama alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na raha.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Aprili. Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama kando ya ukuta. Orbin alikaa mbele, nywele zimechanwa vizuri, hakugeuka. Mkewe aligeuka, akamtazama mama kama anayetazama kitu kilichooza.

Mama alieleza alichokiona na alichoonja. Wakili wa Orbin, kijana mwenye tai nyembamba, alisimama akitabasamu.

"Bibi Stamper, wewe ni mtaalamu wa kemia?"

"Hapana."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi ieleze mahakama, mwanamke wa darasa la sita anajuaje, kwa kuonja tu, gongo iliyopita kwenye shaba na iliyopita kwenye rejeta?"

Jaji, mzee mwenye mvi na sauti ya chini, aliinua mkono. "Mama, sheria haikulazimishi kujibu swali litakalokutia hatiani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Unaweza kunyamaza."

Nilimwona mama akimtazama Orbin. Kwa mara ya kwanza siku ile Orbin naye aliinua uso. Midomo yake ilitikisika, nami nilisoma neno lake: *Dada.*

"Najua kwa sababu napika," mama alisema. "Miaka kumi na tisa. Ile ya kwanza kutoka, yenye sumu, namwaga chini, bomba langu ni la shaba tupu, na sijauza chupa ambayo mume wangu hajaionja. Ile iliyomuua Burl Noble haikutoka kwangu. Natamani ingetoka kwa mtu mwingine yeyote."

Verdie Combs, aliyekuwa amesimama karibu nami, alijifunika uso kwa mkoba wake.

Orbin alifungwa miaka mitano. Mama alishtakiwa kwa kauli yake mwenyewe, akakiri kosa, na Bwana Tackett akapanda mlimani na watu wawili. Mama ndiye aliyewaongoza hadi kwenye mtambo. Walipoinua shoka, Tackett alisimama mbele ya lile bomba la shaba kitambo, akiangalia lilivyokunjwa, mzunguko juu ya mzunguko, bila kovu la lehemu.

"Nilipita hapa mara nne," alisema.

"Mara tano," mama alimjibu. "Ile ya tano ulikaa juu ya jiwe hili ukala tufaha."

Jaji alimpa miezi sita. Alipomuuliza kama ana la kusema, mama alisema mume wake hawezi kushika jembe, mahindi hayajapandwa, na anaomba apande kwanza. Jaji alitazama kalenda. Majaji wa milima yetu walilizoea ombi hilo. "Nenda ukapande," alisema. "Tarehe mosi Juni uwe hapa."

Tulipanda mimi na yeye, kuanzia umande hadi jua linazama. Tarehe mosi Juni alisuka nywele, akambusu baba kwenye paji la uso, akaenda mwenyewe, bila askari, akapelekwa gereza la wanawake la Virginia Magharibi.

Mahindi yalipokomaa niliamka Jumamosi moja nikijua sitayamaliza peke yangu. Shambani niliwakuta wana wa Clell, mjane wa Burl Noble na wanawe, na Verdie Combs ameshajifunga kilemba. Saa nne akaja Bwana Tackett, hana sare. Alivunja mahindi vibaya, anaacha moja kila mabua matatu, mpaka baba akampigia kelele kutoka barazani, "Everett! Unayakagua au unayavuna?"

Mama alirudi mwisho wa Novemba. Hakupika tena. Hakuja kuamini kwamba sheria ile ilikuwa ya haki. Alisema tu kwamba kila akifikiria kuwasha moto anamwona Burl. Alishona nguo za watu, tukaishi.

Wiki yake ya pili nyumbani alipanda basi kwenda kumwona Orbin. Orbin alikataa kutoka. Mwezi uliofuata alikwenda tena, nikamsindikiza, na safari hii akatoka. Alikuwa amekonda, masikio yamekuwa makubwa. Tulikaa mezani pande mbili, mlinzi amesimama nyuma.

"Umekonda," mama alisema.

"Wewe pia."

Orbin alikuwa akisugua meza kwa kidole gumba, pale pale, pale pale.

"Clell je?" aliuliza hatimaye.

"Mkono wa kushoto umeanza kuinuka. Anashika kikombe. Wa kulia bado."

Orbin aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akalaza paji la uso juu ya meza, akalia kwa sauti mbele ya mlinzi na wageni wote, na mama akanyoosha mkono, akamwekea kisogoni, akauacha pale mpaka walipotuambia muda umekwisha.