Sophia Alivyokosa Chakula Saigon

Kikundi cha kina mama wabangua korosho wa Mkunya, Newala, kilimtuma Sophia katika jiji la Saigon, Vietnam, akajifunze mashine za kubangulia kwa wiki mbili. Kila jioni wenyeji walimpeleka mgahawa mpya, mara ghorofani penye muziki, mara ukingoni mwa mto, na kila mahali meza ilijaa bia na nyama ya nguruwe. Sophia, Mwislamu, aliishia kula wali mtupu huku akijilazimisha kutabasamu.

Siku ya tisa alimpigia mumewe.

"Baba Shakila, nina njaa."

"Njaa gani? Picha zote ulizotuma uko mezani."

"Meza hizohizo ndizo zilizonichosha."

Akakata simu. Jioni hiyo aliwakatalia wenyeji, akaenda kutafuta mgahawa wa Waislamu aliosikia habari zake. Akaukuta umefungwa. Alirudi amefura kwa hasira, mpaka alipomwona mama mmoja kando ya barabara akiuza muhogo wa kuchemsha ulionyunyiziwa nazi. Alikaa kwenye kistuli cha plastiki, akala sahani tatu.

Kesho yake wenyeji walipotaja mgahawa mwingine, Sophia akasema, "Leo nawapeleka mimi."