Upande wa Kushoto

...na tak, akabonyeza kitufe, kwa sababu mashine haiwashi kinuru bila kulia kwanza, na masikio yake ni mazima, jicho moja limezibwa, kidevu juu ya kibao, mbele yake bakuli jeupe lenye vinuru vinavyochomoza na kuzama, "bonyeza ukiona tu, mzee, usiwahi," alisema binti wa hospitali nyuma ya mashine, ukiona tu, ukiona tu, hebu niache we mtoto, mwendesha kreni asiyeona ni nani mbele ya bosi, ni mlinzi wa geti, tena akipewa hilo geti lenyewe... tak, akabonyeza... macho yako mazima kabisa, daktari alimwambia baada ya kile kiharusi kidogo, shida iko kisogoni, seli za ubongo hupokezana habari za jicho, hii inaipa ile, ile inaipa nyingine, tumelijua hilo kwa kuwachunguza tumbili, haya, kumbe mimi na tumbili ni ndugu wa kisogo, alicheka, lakini alielewa papo hapo, maana ujana wake wote alipokezana makarai ya zege kwenye ngazi, mmoja akikosekana katikati karai halifiki, na aliye juu hajui hata kama lilitumwa, hajui!, hilo ndilo linalomtia baridi, upande wa kushoto haoni giza, haoni pengo, anaona dunia imetimia... tak, akabonyeza... kama Ijumaa, nondo ziko hewani, njia nyeupe kabisa, akazungusha kreni kushoto, simu ya upepo ikalipuka kwa kelele, "We! We! Unaniua!", shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mkewe, anayelala sebuleni kwake na kufunga mizigo pale chini, kofia ya njano, fulana ya kung'aa, mtu mzima na miguu yake, na yeye hakumwona, kwake hakuwepo, Mungu wangu, hakuwepo, na jioni akaleta utani, "shemeji, umechoka kunilisha, au?", naye akacheka, akacheka!, akasingizia jua... tak, akabonyeza... "safi, mzee, unakaribia kumaliza," basi majibu yatatoka mazuri, Jumatatu atapanda tena, na chini atasimama nani kama si yule yule... tak, kidole kikagoma, tak, kikagoma tena, "mzee, umelala?"... "sijalala, mwanangu," alisema, kidevu bado juu ya kibao, "tuanze upya, kushoto sioni kitu, nilikuwa nabonyeza kwa kusikia," na hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, kwa sababu sasa ilibidi akamweleze mkewe habari za Ijumaa.