Mwezi wa Kifaransa Kitupu

Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, mtoto akichelewa kusema, hakuna anayeshtuka. Asichelewe vipi? Nyumbani anasikia Kiswahili, jirani wa kushoto Kirundi, wa kulia Kinyarwanda, bombani Chichewa, na Jumapili Kifaransa cha pasta, kile kinachotembelea fimbo. "Iko anapanga luga kichwani," tunaambiana. "Akimaliza kupanga, utamuomba anyamaze." Mimi mwenyewe nimewafariji hivyo akina mama wengi wanaokuja kwangu kushonesha. Kwa hiyo Ketsia wangu alipopita miaka miwili na nusu bila hata kusema "mama", nilijifariji kwa dawa ileile.

Mume wangu, Apollinaire, hakutaka kufarijiwa. Alikuwa mwalimu kwetu Kongo, mjini Bukavu, na hapa kambini bado anafundisha. Mwalimu akiona tatizo hutafuta kanuni. Jioni moja alisimama katikati ya nyumba akatangaza:

"Kuanzia leo, humu ndani ni Kifaransa tu. Mutoto apate luga moja. Zingine atazikuta mbele."

"Na mama?" nikamuuliza. Mama yangu mzazi, ambaye watoto wote wa mstari wetu wa nyumba wanamwita Koko, yaani bibi, tunaishi naye. Alizaliwa Fizi, akalima Fizi, na Kifaransa chake chote ni *bonjour*, anachokitumia hata saa ya kulala.

"Mama atajifunza."

Kwetu mama mkwe habishani na mkwe. Hata macho hamkazii. Koko akaitika, "Aya, mukwe wangu," na mdomo ukafungwa. Apollinaire alipokuwa shuleni nikamwambia, "Mama, hayuko. Sema tu." Akatikisa kichwa. Alikwisha kuitika, kusema nyuma ya mkwe kungekuwa sawa na kumwibia.

Akaanza kuongea kwa mikono. Akitaka chumvi, anasugua vidole juu ya sufuria. Akitaka mlango ufungwe, anakutanisha viganja. Nilimcheka sana. "Mama, Kifaransa yako inatokea ku vidole."

Juma la tatu ndipo tulipoona. Koko alikuwa ameketi akichambua maharage. Akainua mkono, akasugua vidole, bila kumtazama mtu. Ketsia akaenda akaleta kopo la chumvi. Koko akagusa kichwa, akazungusha mkono: Ketsia akaleta kitambaa. Koko akaonyesha miguu yake: zikaja ndala zote mbili, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

Apollinaire alikuwa amesimama mlangoni, chaki bado vidoleni. "Anaelewa," akasema, uso umemfunguka. "Kifaransa kimeanza kutumika."

"Kifaransa gani, Baba Ketsia? Humu ndani hakuna mutu amesema."

Akajipangusa chaki vidoleni. Kisha akaenda nyuma ya mtoto, akamwita kwa Kifaransa, akamwita kwa Kiswahili, akamwita kwa Mashi, lugha ya kwao Apollinaire. Akachukua vifuniko viwili vya sufuria, akavigonganisha juu hewani hadi jirani akauliza kuna nini. Ketsia aliendelea kupanga ndala. Kivuli cha baba yake kilipofika ukutani, ndipo akageuka, akamchekea.

Nilikaa chini. Mara zote nilizosema "si ameshageuka, anasikia", ilikuwa kivuli, upepo wa mlango, au sakafu iliyotetemeka.

"Mukwe wangu," Koko akasema polepole, "unipe ruhusa niseme."

"Sema, mama."

"Huyu mutoto hasikie. Mi niliona tangu juma ya kwanza. Ila sikukuwa na Kifaransa ya kuvisema."

Apollinaire aliweka vifuniko chini kwa adabu, kimoja kimoja, kama vyombo vya mgeni. Amri ya Kifaransa haikufutwa. Hakuna tu aliyeikumbuka tena.

Tukatafuta barua ya zahanati, tukatafuta karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda Lilongwe, kwenye kliniki ya masikio. Mama aliyempima Ketsia alimweka kwanza magotini pangu ndani ya chumba kisichopitisha kelele, akapiga kwa mashine sauti nyembamba na nene. Baadaye, Ketsia alipolala, wakambandika nyaya kichwani, mashine ikachora mistari. Yule mama alizungumza Kiingereza, Apollinaire akanitafsiria, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza la kwake.

"Anasikia lori likiwa karibu sana. Sauti ya mutu, hapana. Atapewa vyombo vya masikio, vitamusaidia kidogo."

"Muulize kama tumechelewa."

Akauliza. Yule mama aliangalia karatasi: miaka miwili na miezi tisa. Akajibu bila kutupaka mafuta. Lugha hushika vizuri zaidi katika miaka hii ya mwanzo, iwe ya mdomo au ya mikono. Mtoto akiikosa, hata kufikiri kwake kutakosa pa kushikia. Tusingoje aanze shule. Tusingoje hata vyombo. Kila Jumatano, Area 25, mtaa mmoja wa Lilongwe, kuna darasa la wazazi na watoto wadogo wasiosikia. Tuanze Jumatano hiyo.

Nyumbani ikawa hoja: nani aende? Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona, na ndiyo majira pekee ambayo mashine yangu inalisha nyumba. Apollinaire akasema Jumatano ana vipindi vinne.

"Mukwe wangu," Koko akasema, "nakuomba uende weye. Mwalimu njo ajifunze, atufundishe siye."

Kwetu, kama vile mama mkwe asivyobishana na mkwe, mkwe naye hamkatalii mama mkwe ombi. Apollinaire akabadilishana vipindi na mwenzake.

Jumatano ya kwanza niliacha sare, nikawasindikiza. Mkekani walikuwa akina mama saba na mwanamume mmoja, wangu. Aliyefundisha, Tamandani, hasikii tangu kuzaliwa, na hana huruma na walimu. Alionyesha ishara ya "nyumbani". Apollinaire akaiiga. Tamandani akakataa kwa kichwa. Akaiiga tena, kidole gumba kimekaa ovyo. Mara ya nne, mama wa pembeni akafunika kicheko kwa pindo la chitenje, kitenge cha huku. Jasho lilimtoka mume wangu kama anayefanya mtihani wa serikali.

Ketsia alikuwa amesimama mbele yake, macho yakienda kwa Tamandani, yakirudi kwa baba. Akasogea. Akakishika kile kidole gumba kwa mikono miwili, akakisukuma mahali pake, kisha akarudi nyuma hatua moja, akangoja baba aseme.