Maji ya Uwanja wa Shule

Mtu angeniambia kwamba mwalimu wa jiografia ndiye atakayeniokolea kaburi la mume wangu, ningemcheka mpaka mbavu ziniume. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa. Korongo la bomani petu lilianza kama kijia cha mbuzi, kisha mvua za Aprili tisini na saba zikalipanua mpaka likakaribia alipolala Wesley. Kwetu mwenye boma huzikwa bomani mwake, na hapo hahamishwi. Nilitupa humo mawe, magunia ya mchanga, hata kitanda kibovu. Mvua ikanyesha, ikabeba vyote na kuvipeleka ziwani, kama vile nilikuwa nimeifungia mizigo ya safari.

Basi asubuhi moja namwona Mwalimu Mogire, Mkisii mrefu aliyehamishiwa shule yetu ya mlimani hapa juu ya Magunga, anashuka na darasa la sita zima. Wamebeba karai la udongo na kopo la mafuta ya Kimbo lililotobolewa matundu chini. Binti yangu Mourine yuko mbele. Nikamwuliza mwalimu kama siku hizi watoto wanafanya mtihani kwa tope. Akanisalimu kwa adabu, akasema wanasoma mmomonyoko wa udongo, na kitabuni hamna korongo zuri kama langu. Zuri! Nilimkodolea macho.

Watoto wakaufinyanga mlima wetu ndani ya karai: boma langu chini, shule juu. Paa la shule wakaliweka la kipande cha bati, maana lile la kweli lilikuwa jipya, sisi wazazi tulilijenga kwa harambee na tulijisifu nalo kila mahali. Upande mmoja wa mlima wakapandikiza nyasi. Uwanja wa shule wakaulainisha kwa kiganja, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa. Kila asubuhi uwanja ulifagiliwa mpaka ukang'aa, na jani likichomoza linang'olewa. Huku kwetu nyasi uwanjani zilikuwa uchafu na maficho ya nyoka, basi.

Kokoto moja wakaiweka mahali pa kaburi. Mourine akainua kopo lenye maji juu ya karai, mvua ikaanza. Kwenye nyasi maji yalizama, hata hukujua yameenda wapi. Lakini yale ya bati yaliangukia uwanja ule mtupu, yakateleza, yakajikusanya kuwa mstari mmoja, yakaja moja kwa moja mpaka bomani. Kokoto ikapinduka, ikaenda.

Mourine akashusha kopo.

"Mwalimu, hii maji inatoka kwetu shule," akasema. "Ni sisi tunachimba baba."

Hakuna aliyecheka. Muda wote huo nilipigana na maji mlangoni pangu, na sikuwahi kuinua macho niyatazame yanakotoka. Mtoto wa darasa la sita aliyaona ndani ya karai.

Mwalimu Mogire alipopendekeza uwanja uachwe uote nyasi, mwalimu mkuu hakutaka kusikia habari hiyo, akihofia mkaguzi angesema shule imekuwa kichaka. Watoto wakambebea karai mpaka ofisini, wakamnyeshea mvua palepale mbele ya meza. Akatazama, akaita kamati. Mafagio yakapumzika. Tukachimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, kukingama mteremko, tukapanda nyasi za nepia na mkonge kwenye kingo. Nilichimba kama wenzangu, ila moyoni nilikuwa na mashaka tele.

Oktoba ikaja na mvua ya Elinino. Aliyekuwapo hahitaji kusimuliwa. Siku ilipozidi, nilijifunika gunia nikasimama kando ya kaburi, nimeamua kwamba likienda, twende wote. Nikasubiri ule mngurumo wa maji niliouzoea kutoka juu. Haukuja. Nikapanda kuutafuta, na mtaroni nikayakuta maji yamejaa, yametulia, yanazama polepole ardhini. Mlima mzima ulikuwa unakunywa. Nikavua gunia kichwani nikaacha mvua inipige.

Niliporudi chini nilimkuta Mourine amelowa chapachapa, amechutama, kiganja chake kiko juu ya udongo wa kaburi.

"Mama," akasema, "baba bado ako hapa."