Majani Juu ya Tangi la Meneja

Kilosa nzima hakuna aliyeyajua majani yale kama Sesilia. Mgiriki aliyemiliki shamba la mkonge kabla halijataifishwa ndiye aliyeyaotesha ndani ya tangi la kioo sebuleni, yakielea juu ya samaki wekundu tisa, na ndiye aliyemfundisha Sesilia, mtumishi wake wa ndani, kuyatunza. Yasizidi nusu ya tangi. Yanayozidi yatolewe kila Jumamosi, la sivyo samaki watakosa hewa. Mgiriki akaondoka, Sesilia akabaki na tangi.

Meneja mpya, Melkizedek, hakuwa na mke wala mtoto. Aliwapenda wale samaki kupita kiasi. Jioni alivuta kiti, akawatazama wakipenya kwenye mizizi iliyoning'inia kama ndevu, akiwaita kwa majina. Hata Sesilia alimhurumia.

Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka sabini na nne, Meneja alipotiwa kwenye kamati ya kuhamishia watu vijijini, akaenda na malori upande wa Mikumi. Huko ndiko alikoishi Hildegarda, mama yake Sesilia, karibu na makaburi ya watoto wake wanne. Bibi huyo alikataa kutoka. Nyumba ikaezuliwa akiwa ndani, kisha akabebwa juu juu hadi kwenye lori. Mvua za vuli zilimkuta katika kijiji kipya, chini ya turubai. Kifua kikambana, akafa kabla ya Krismasi.

"Aliyetoa amri ni yule mrefu mwenye miwani, wa shamba la mkonge," Damiano, kaka yake, alimwambia Sesilia mazikoni.

Sesilia alirudi kazini.

"Pole na msiba, dada," Meneja alisema, macho kwenye kioo. "Samaki walikukosa."

Tangu wiki ile Sesilia hakutoa jani hata moja. Kila asubuhi alikoroga samadi ya mbuzi kwenye kopo, akaimimina pembeni ya tangi taratibu. Majani yakanenepa, yakazaana, yakabanana hata kidole kisipenye.

"Yamestawi kweli!" Meneja alifurahi.

"Yamependa mvua, Ndugu Meneja."

Huku chini kulikuwa giza. Samaki walipanda kutafuta hewa, wakagonga midomo kwenye mizizi, wakashuka, wakapanda tena. Sesilia alisimama na kitambaa chake cha vumbi akiwatazama, akimwaza mama yake alivyohangaikia pumzi chini ya turubai. Alitamani wachelewe kufa.

Asubuhi moja ya Januari Meneja alipiga yowe. Sesilia alimkuta ameyafumua majani kwa mikono, na samaki wote tisa matumbo juu.

"Sesilia! Wamekuwaje?"

"Wamekosa hewa. Nimewanyima mimi."

Meneja alimkodolea macho.

"Mama yangu ni Hildegarda wa Mikumi. Ulimwezulia nyumba akiwa ndani."

Meneja alivua miwani, akaketi kwenye sakafu iliyolowa. "Tulihamisha kaya zaidi ya mia tatu," alisema polepole. "Simkumbuki."

Sesilia alikuwa amejiandaa kwa makofi, hata kwa polisi. Kwa neno lile hakujiandaa.

"Samaki tisa unawajua majina! Basi watoe mmoja mmoja, na kila unayemtoa, taja jina la mama yangu."

"Sesilia, tafadhali..."

"Taja!"

Meneja akaingiza mkono majini. "Hildegarda," alisema, akamweka samaki wa kwanza sakafuni. Kufika wa tano alikuwa analia. Sesilia hakumpunguzia hata mmoja.

Kisha akavua aproni, akatoka kwa mlango wa mbele ambao hakuwahi kuutumia.

Meneja hakumshitaki. Sesilia alifungua kibanda cha chakula karibu na stesheni, na Melkizedek kila aliposhuka kwenye treni alizunguka nyuma ya mabehewa asipite hapo. Wiki ya kwanza Sesilia alilala vizuri. Baadaye hasira ilirudi vilevile ilivyokuwa, ila sasa hakuwa na pa kuipeleka.