Dawa Haishukuriwi

Mackrine aliteguka mguu Jumanne moja mwanzoni mwa Juni, na hakuwa na wa kumlaumu. Hakusukumwa na mtu wala hakukimbizwa na mbwa. Alikuwa akiteremka kilima cha nyuma ya Kimuli kwa mwendo wake ule wa kuruka mawe, mwendo ambao majirani wanauita wa mbuzi aliyekata kamba, akainamisha kichwa kidogo tu aangalie saa mkononi. Saa, jamani! Jiwe likabingirika, kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka, na njia iliyobaki akaimaliza kwa makalio.

Afadhali niseme mapema kilichokuwa kikimliza, mtu asije akadhani ni maumivu tu. Kila mwisho wa Agosti kuna mbio za vilima zinazoanzia Bugomora na kuishia uwanja wa shule Kimuli. Mackrine alikuwa amezishinda miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili akapewa kanga na jembe. Mwaka huu waandaaji wakatangaza kwamba mshindi wa kike, ikiwa hajatimiza miaka ishirini na mitatu, atapelekwa kambi ya wakimbiaji Arusha kwa mwaka mzima. Mackrine angetimiza ishirini na mitatu Oktoba. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi tena.

Baba yake, mzee Ndyamukama, alimpakia kwenye pikipiki hadi hospitalini Omurushaka. Akapigwa picha, wakaambiwa mfupa ni mzima, kano ndizo zilizovutika, apumzike. Bibi Kokwijuka, mama yake mzee Ndyamukama, aliiangalia ile picha juu chini akasema hajawahi kuona mtu aliyeponywa kwa kupigwa picha. Kwake yeye mguu ulioteguka hushikwa na mwanamke aliyezaa mapacha, basi, na wote waliomlea walifanya hivyo. Na kitongoji kizima kilikuwa na mama mapacha mmoja tu, Speciose, mke wa Sebahire.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu kwa wapenda maneno. Speciose alikuwa na miaka thelathini na minne, watu wao walitoka Rwanda zamani za babu yake, migomba yao imepakana na ya kina Mackrine, na naye alikuwa mkimbiaji. Miaka yote miwili alimaliza wa pili, akiutazama mgongo wa Mackrine mwanzo hadi mwisho. Mackrine asipopona, mshindi ni nani kama si yeye? Jovitha, jirani yao asiyekosa la kusema, aliteka maji na kulimwaga hilo kisimani palepale: kufa kufaana.

Speciose alikuja jioni ile ile. Bibi alikuwa ameshachemsha maji ya chumvi na kuandaa kitambaa cha kukandia, lakini Speciose akayasogeza pembeni, akasema mguu wenye hasira haukandwi moto. Akaagiza maji ya baridi, akauweka mguu juu ya mto, akaushika kwa vidole viwili tu kama anayepapasa yai lililoatamiwa, kisha akaufunga bendeji. Alisema wiki sita bila kukimbia. Halafu akainuka aondoke, na Mackrine, kwa adabu zote alizofundishwa shuleni, akamwambia asante sana dada.

Lo! Bibi Kokwijuka alishika kichwa kwa mikono miwili. Hata mtoto wa kule anajua kwamba dawa haishukuriwi. Ukishukuru umeifukuza. Aliyeponywa hasemi neno. Siku akipona anapita mbele ya mlango wa aliyemshika, kwa mguu wake mwenyewe, yule anamwona, na shukrani imefika. Speciose alicheka kidogo akaenda zake, lakini bibi hakulala vizuri kwa siku tatu.

Wiki ya kwanza Mackrine alivumilia. Ya pili akanuna. Ya tatu uvimbe ukawa umeshuka, anatembea bila fimbo, na yale maneno ya Jovitha yakaanza kumtekenya sikio. Wiki sita za nini, kama si za kumweka ndani mpaka mbio zimpite? Mtu anayekuja kila asubuhi kukushika mguu anaweza pia kuwa anahesabu siku zake mwenyewe. Nasema wazi kwamba lilikuwa wazo baya, na yeye alijua ni baya, akalifuga hivyohivyo.

Jumapili nyumba nzima ilipokwenda kanisani, alisingizia kwamba mguu unauma, wakamwacha. Akavaa viatu vyake akapanda kilima. Kupanda hakukuwa na tabu. Moyo ukamjaa, akaimba. Kuteremka hakufika hata nusu. Mguu ule ule ukapinduka, safari hii kwa sauti aliyoisikia mwenyewe, akarudi nyumbani akishikilia mgomba mmoja baada ya mwingine, akajitupa kitandani na kujifunika.

Bibi aliporudi akakuta mguu umevimba kama boga, hakuuliza hata swali moja. Ni ile asante, alisema. Aliisubiri, na imekuja. Na Mackrine, Mungu amsamehe, akanyamaza.

Ukimya ule haukukaa chumbani. Kufikia Jumatano kitongoji kizima kilijua kwamba mkono wa Speciose umeharibika. Mwanamke mmoja aliyeteguka kiwiko akichuma kahawa alipita mbele ya mlango wa Speciose mchana kweupe, akaenda kushikwa na mama mapacha wa mbali. Speciose alikuwa kibarazani akimenya ndizi. Alimwona akipita, akaendelea kumenya.

Alhamisi akaja kwa kina Mackrine bila kuitwa. Hakuugusa mguu. Aliokota viatu vya mbio vilivyokuwa chini ya kitanda, akakaa kitako, akaanza kuchomoa kwenye kamba mbegu za majani, zile ndogo zenye miiba zinazonata, ambazo huota juu kule kilimani tu. Alizipanga kwenye kiganja moja moja.

"Asante haibebi mbegu, mdogo wangu," alisema. "Ulikimbia lini?"

Mackrine alilia kwa aibu, si kwa mguu. Akasema yote, la Jovitha na la kuhesabu siku pia, kwa maana mficha maradhi kilio humfichua. Speciose alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba ndiyo, hizo siku amezihesabu, kwani yeye ni jiwe? Usiku wa kwanza alifikiria jinsi atakavyofika uwanjani bila mgongo wa mtu mbele yake, akafurahi, kisha akajionea aibu. Kumshinda mtu aliyelala kitandani si kushinda. Akaweka zile mbegu dirishani, akaomba maji ya baridi.

Jioni ile Mackrine alimwita bibi na baba yake akakiri mbele yao. Bibi Kokwijuka alimtukana kwa Kinyambo muda wa kutosha chai kupoa. Halafu akajifunga kanga akaenda mwenyewe kisimani kumrekebishia Speciose jina, na aliyemkosa kisimani alimfuata nyumbani.

Wakaanza upya, na mara hii Mackrine alitii. Siku nyingi alilala mguu ukiwa juu. Kisha akatembea shambani, kwenye majani makavu ya migomba, mahali laini pasipomdhuru mtu, kutoka kwenye mpaka wao hadi mpaka wa Sebahire na kurudi. Kahawa ilikuwa imeiva, basi Speciose akamwagiza achume akisimama kwa mguu mmoja, ule mgonjwa, mti mmoja mzima kabla ya kubadili. Mti wa kwanza alianguka na kikapu mara nne, mzee Ndyamukama akauliza kama kahawa yake inavunwa au inapandwa. Mwishoni mwa Julai alikuwa anamaliza miti mitatu bila kuyumba. Agosti ilipoanza akakimbia tambarare, kisha akapanda, kisha akateremka polepole. Hakuwahi kurudia ule mwendo wa mbuzi. Mguu ulikuwa umepona. Kichwa ndicho kilichobaki kinachechemea.

Siku ya mbio ikafika. Walipoondoka Bugomora alijibanza katikati ya kundi, lakini mapafu hayakuwa yamesahau kazi, na kila walipopanda alipita watu wawili watatu. Walipofika juu ya kile kilima cha nyuma ya Kimuli, mbele yake alibaki mwanamke mmoja tu, Speciose. Uwanja wa shule ulionekana chini, watu wamejaa. Kati yao na uwanja kulikuwa na mteremko ule, na mawe yale.

Mackrine akajibanza nyuma yake. Aliogopa mawe, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na la pili lililomshika zaidi: mikono iliyomrudishia mguu ndiyo hiyo inayoyumba mbele yake, na yeye atumie mguu huo kumnyang'anya mtu ushindi wake wa kwanza? Kwa miaka miwili Speciose aliutazama mgongo wake. Acha leo yeye autazame wa Speciose. Arusha ikaanza kufifia, naye akaanza kujizoeza kuikosa.

Speciose alisikia zile hatua nyuma yake, hazikaribii wala haziachi. Hakugeuka.

"Unasubiri nini?"

"Siwezi kukupita, dada."

"Wiki kumi na mbili nimeshika huo mguu. Mlangoni kwangu utapita mwaka gani?" Akasogea kwenye majani, akaacha njia wazi. "Pita, niuone."

Mackrine akapita. Hakuangalia saa. Jiwe la kwanza aliliruka akiwa ameuma meno, la pili akiwa hajui, na kuanzia la tatu akawa mbuzi aliyekata kamba, na kule chini watu wakaanza kumwita jina. Alikata utepe akiwa wa kwanza. Speciose alifika baada yake, wa pili kwa mwaka wa tatu, akajilaza kwenye nyasi akihema.

Mackrine alikwenda akapiga magoti mbele yake, akafungua mdomo. Speciose akamwinulia kidole. Bibi Kokwijuka, aliyekuwa karibu, akainua na fimbo kabisa. Basi Mackrine akafumba mdomo, akainama akamfungulia Speciose kamba za viatu, machozi yakimdondokea mikononi, na hakusema kitu.